Maoni: Kabla ya kupamba Vim, vijana wa informatiki wajue kwanza kilichomo ndani yake

Vijana wenye kusoma informatiki huko Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani ao Lubumbashi hukutana siku moja na Vim, ile programu ya kuandikia ndani ya terminali, dirisha jeusi lisilohitaji kipanya. Wanajifunza kuingia, kuandika, kuhifadhi kazi na, jambo linalowatesa wengi, kutoka. Kisha wanataka kitu cha kawaida kabisa: kuona orodha ya faili zao, kufungua moja, kubadilisha jina la nyingine, kufuta ya tatu. Wakiuliza wenzao, jibu huwa lile lile: weka plagini.

Plagini ni programu ndogo inayoongezwa juu ya programu kubwa ili kuipa uwezo mpya. Zile za kusimamia faili ndani ya Vim na ndugu yake Neovim ziko nyingi: NERDTree, nvim-tree, neo-tree, Dirvish, Fern, oil.nvim na zingine. Kila moja ina mashabiki wake na picha zake za kuvutia. Mwanafunzi anachagua ile yenye picha nzuri zaidi, kama mtu anayenunua viatu kwa kuangalia rangi bila kuuliza namba.

Jibu hilo la haraka linawapotosha vijana. Kuchagua msimamizi wa faili kunapaswa kuanzia kwa chombo ambacho Vim inacho tayari, kwa kazi halisi ya mwenye kuchagua, na kwa mashine na mega alizonazo. Plagini ije nyuma, siku ambayo mtu anaweza kutaja kwa sentensi moja kile anachokikosa.

Chombo kilichomo tayari

Chombo hicho kinaitwa netrw. Kiliandikwa na Charles Campbell, na kinakuja pamoja na Vim yenyewe. Hakuna cha kupakua. Mtu akiandika vim, halafu nafasi, halafu nukta badala ya jina la faili, anafunguliwa orodha ya dosie aliyomo, ao folda kama wengine wanavyosema. Akiwa tayari ndani ya Vim, amri :Explore inafanya kazi hiyo hiyo, na :Lexplore inaiweka orodha upande wa kushoto, kama plagini zenye sifa zinavyofanya.

Kutoka hapo, kazi ni ya vitufe vichache. Alama ya kistari inampandisha dosie moja juu. Alama ya asilimia inaanzisha faili mpya. Herufi d ndogo inaanzisha dosie mpya, R kubwa inabadilisha jina, D kubwa inafuta. Herufi i inageuza sura ya orodha mara kwa mara, hadi ionekane kama mti wenye matawi. Mwenye bidii anavijua vyote kwa mchana mmoja.

Tena netrw ina uwezo ambao plagini nyingi zenye sura ya mti hazina. Inaweza kufungua faili iliyo kwenye seva ya mbali kwa njia ya scp, mtu akaiandika na kuihifadhi kana kwamba iko kwenye mashine yake. Jina lenyewe linatokana na kazi hiyo ya kusoma na kuandika kupitia mtandao.

Kasoro zake pia si za kuficha, na wanaoilalamikia wana haki. Kuhamisha faili kunataka hatua tatu: kuonyesha dosie ya kupelekea kwa mt, kuweka alama kwenye faili kwa mf, kisha kuihamisha kwa mm. Na kama dosie inayoonekana siyo ile ambayo Vim inaihesabu kuwa ndiyo ya kazi, uhamisho unaweza kushindikana, mpaka mtu aandike kwenye mipangilio yake mstari wa let g:netrw_keepdir = 0. Maelezo yanayokaa juu ya orodha yanakula nafasi, mpaka mtu abonyeze I kubwa yaondoke. Mambo haya yanachosha. Lakini mtu aliyechoshwa nayo anajua sasa anachotafuta, na hapo ndipo uchaguzi wa kweli unapoanza.

Siku ya seva

Sababu ya kwanza ya kuanza na netrw ni mkate. Kijana hasomi informatiki ili apambe mashine yake tu. Anataka kazi: kutunza tovuti ya shirika, seva ya shule, hifadhi ya majina ya wagonjwa ya kituo cha afya. Mara nyingi kazi hiyo inafanywa kwa ssh, kwenye seva iliyo Kinshasa ao ng'ambo, ambako plagini zake hazipo na ambako pengine hana ruhusa ya kuziweka.

Fikiria kijana aliyezoea kubonyeza kitufe kimoja na mti wa faili ukatokea na vipicha vyake vya rangi. Siku ya kwanza kwenye seva ya mteja anabonyeza, hakuna kitu. Anabonyeza tena. Anaanza kupapasa akitafuta faili ya mipangilio, huku mteja anasubiri kwenye simu na mega zinakwenda. Mwenzake, ambaye hakuwahi kuwa na skrini nzuri, anaandika :Explore, anapanda dosie mbili, anafungua faili, anasahihisha mstari mmoja, anatoka. Mteja atampigia nani tena mara ijayo?

Zipo pia seva ambako hata netrw haimo. Mifumo ya Debian na Ubuntu iliyowekwa kwa ufupi mara nyingi huwa na vim-tiny, Vim iliyopunguzwa hadi mifupa, isiyobeba netrw. Hapo kinachobaki ni kuandika :e na jina la faili, na kuandika :!ls ili kuona kilichomo ndani ya dosie. Mtu aliyejifunza kuanzia chini hashangai.

Mega, umeme na faili iliyofutwa

Sababu ya pili ni bei. Plagini hizi ni za bure, lakini mega si za bure. Plagini moja huita nyingine: neo-tree, kwa mfano, inahitaji plenary na nui ili ifanye kazi. Vipicha vya faili vinataka fonti ya pekee, zile zinazoitwa Nerd Font, na bila hiyo mahali pa vipicha panajaa visanduku na alama zisizosomeka. Kisha yanakuja matoleo mapya, na mara kwa mara toleo jipya la plagini linadai toleo jipya la Neovim. Mwanafunzi aliyenunua mega kwa franka zake za mfukoni anazimaliza kwa kupamba orodha ya faili, na siku inaisha hajaandika mstari hata mmoja wa programu aliyotaka kuandika.

Kuna pia umeme, ambao unaweza kukatika mtu akiwa katikati ya neno. Hapa Vim yenyewe ni rafiki mzuri. Inaandika pembeni faili ya akiba kila baada ya herufi 200, ao mwandishi akinyamaza kwa sekunde 4. Mashine ikizimika ghafula, mtu anafungua tena kwa vim -r na jina la faili, na sehemu kubwa ya kazi inarudi.

Lakini ulinzi huo unahusu maandishi yanayoandikwa. Haumlindi mtu anayefuta faili nzima. Kinachofutwa kwa D ya netrw ao kwa menyu ya NERDTree hakipiti kwenye pipa la takataka ambamo mtu angekiokota kesho. Programu inauliza mara moja kama una hakika, ukijibu ndiyo imekwisha. oil.nvim ina mpangilio wa kupeleka vilivyofutwa kwenye pipa, lakini ni lazima mtu auwashe mwenyewe. Hili ndilo swali ambalo wachaguzi wengi hawaulizi: siku nikikosea, chombo hiki kitanirudishia nini? Lingepaswa kuulizwa kabla ya swali la rangi na vipicha. Na kwa chombo chochote kile, kinga ya kwanza ni kuweka kazi ndani ya Git na kuihifadhi humo kila siku, si siku ya mtihani tu.

Nani ataitengeneza ikiharibika?

Sababu ya tatu ni watu. Vim ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991 na Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi. Mara nyingi anayeifungua bila faili yoyote anakuta kwenye skrini maneno ya kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Wengi wanayaona kila siku bila kujua yametoka wapi. Mwaka wa 1994 Moolenaar alikwenda kufanya kazi ya kujitolea Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo ambalo ukimwi ulikuwa umeacha yatima wengi. Alisaidia katika mambo ya maji na usafi. Aliporudi kwao hakuwasahau: aliwaachia watu wote Vim bure, akawaomba wenye kuipenda watoe kitu kwa ajili ya watoto wale.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Vim haikufa naye. Wasaidizi wake waliendelea, na Januari 2024 walitoa toleo la 9.1 kwa kumkumbuka. Programu ile ilikuwa na watu wengi kuizunguka, wenye kuijua ndani na nje.

Plagini ndogo mara nyingi haina watu hao. Ina mtu mmoja, mwenye kazi nyingine ya mshahara, anayeitengeneza usiku. Akichoka, akioa, akihamia lugha nyingine ya programu, plagini inasimama. NERDTree iliandikwa na Martin Grenfell, na leo iko mikononi mwa kundi la kujitolea linaloitwa preservim. Ilipata bahati ya kurithiwa. Zingine hazirithiwi.

Na anayeweka plagini anaweka msimbo wa mtu asiyemjua, unaofanya kazi kwenye mashine yake kwa ruhusa zake zote. Mwezi wa Machi 2024, Andres Freund aligundua kwamba mlango wa siri ulikuwa umewekwa ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka alikuwa amejifanya msaidizi mwema kwa muda mrefu, mpaka mtunzaji aliyechoka akamwamini. xz si plagini ya Vim, na hata Vim na netrw zimewahi kuwa na matundu ya usalama yaliyozibwa baadaye. Lakini funzo linabaki: kila kinachoongezwa ni mlango mwingine wa kulinda. Milango ikiwa michache, ulinzi ni rahisi.

Wanaotetea plagini wana hoja

Ni haki kuwasikiliza wa upande wa pili. Mwanafunzi aliyetoka kwenye programu kama VS Code amezoea kuona mti wa faili upande wa kushoto. Akinyang'anywa, anajiona kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba isiyo na taa. Na anapopewa kazi iliyoandikwa na wengine, kwa mfano tovuti ya Laravel ao Django yenye dosie ndani ya dosie, mti unamsaidia kuelewa nyumba imejengwa vipi. Walimu wengine wanaongeza: bora atumie plagini na abaki kwenye terminali, kuliko akate tamaa na kuiacha kabisa.

Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodhani. Mti upo ndani ya netrw pia, kwa :Lexplore na herufi i, na kwa kuangalia ramani ya nyumba unatosha. Isitoshe, baada ya wiki mbili mtu anazijua dosie zake, na anachohitaji ni kufika kwenye faili ambayo tayari anaijua jina. Kwa hilo mti ni njia ndefu. Vim ina :find, na mtu akiongeza kwenye mipangilio yake set path+=** na set wildmenu, anaandika sehemu ya jina, anabonyeza Tab, anafika. Wengi wanaotafuta msimamizi wa faili wanatafuta kwa kweli njia ya kutafuta faili.

Kuna pia jambo ambalo Drew Neil, mwalimu wa Vim anayejulikana kwa masomo yake ya video, alilieleza vizuri. Vim inamruhusu mtu kugawa skrini katika madirisha mengi na kuyafunga anavyotaka. Safu ya faili iliyobandikwa pembeni inapigana na tabia hiyo: ukichagua faili ndani yake, itafunguka kwenye dirisha lipi kati ya matatu yaliyo wazi? Alilinganisha safu ya pembeni na madirisha ya Vim na mafuta na siki, vitu visivyochanganyika. Ndiyo maana Tim Pope aliita plagini yake vim-vinegar, yaani siki. Haileti msimamizi mpya. Inaisafisha tu netrw na kumwezesha mtu kuifungua kwa kistari kwenye dirisha lile lile alilomo.

Kila kazi na chombo chake

Basi mwenye kujua netrw na aliyechoshwa nayo achague nini? Itategemea anachokikosa.

Kama kinachomuudhi ni sura ya netrw tu, vim-vinegar inatosha. Ni ndogo sana, na vitufe alivyojifunza vinabaki vile vile.

Kama anataka orodha nyepesi na ya haraka, isiyoingilia mambo mengine, kuna Dirvish ya Justin Keyes. Inaonyesha kila faili kwenye mstari wake, inafanya kazi kwenye Vim na Neovim, na inaiachia terminali kazi ya kuhamisha na kufuta. Inamfaa anayejua tayari mv, cp na rm.

Kama anabadilisha majina ya faili nyingi kwa mara moja, oil.nvim ya Steven Arcangeli inastahili mega zake. Inageuza dosie kuwa maandishi ya kawaida: mtu anasahihisha majina kama anavyosahihisha barua, anahifadhi, programu inamwonyesha mabadiliko na kumuuliza kama akubali. Lakini inataka Neovim. Kwenye Vim ya kawaida haifanyi kazi.

Kama kweli anaishi ndani ya miradi mikubwa na anautaka mti mbele ya macho siku nzima, NERDTree inafaa kwa Vim, na nvim-tree kwa Neovim. Vipicha vinaweza kuzimwa, na mwenye mashine ya zamani afanye hivyo.

Na kama anahamisha mamia ya faili, picha na video, hiyo si kazi ya programu ya kuandikia. Atoke nje, atumie ranger, lf ao nnn, zinazofanya kazi kwenye terminali zenyewe.

Kuhusu kuipata plagini, hakuna haja ya kila mwanafunzi kuipakua. Tangu toleo la 8, lililotoka mwaka wa 2016, Vim inasoma yenyewe plagini iliyowekwa kwenye dosie ya pack/…/start ndani ya .vim. Mmoja anapakua, anaweka kwenye ufunguo wa USB, darasa zima linanakili. Mega za mtu mmoja zinatosha watu thelathini.

Wanaofundisha informatiki kwenye institi na vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo wana nafasi ya kubadilisha desturi hii. Somo la kwanza la Vim limalizike na :Explore, kistari na asilimia. Somo la pili liwe la kufuta faili kwa makusudi na kuirudisha kwa Git. Plagini zije mwezi wa pili, na kila mwanafunzi anayetaka moja aandike kwanza kwenye karatasi: nitafanyia kazi wapi, kitendo gani ninakirudia kila siku, na nani atanisaidia ikiharibika. Anayeshindwa kujibu asubiri kidogo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na netrw, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo mbacha wa Vim: imetandikwa tayari, na siku ya kazi kwenye seva ya wengine, mara nyingi ndiyo itakayokuwapo.